Kusafisha na Kupaka Upya Vespa ya Zamani Nyumbani Bukavu: Mwongozo Kamili

Vespa ya baba yangu mkubwa, skuta ya Kiitalia, ilikaa miaka 11 chini ya ngazi za nyumba huko Nguba, mtaa wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, imefunikwa shitingi, ikilowa kila mvua ilipokuja na upepo wa ziwani. Nilipoachiwa, nilikuwa na hamu kubwa ya kuiona inang'aa. Niliikwangua kwa brashi ya chuma, nikapaka antiruyi, yaani rangi ya kuzuia kutu, nikapaka rangi juu yake, yote katika wiki mbili za Oktoba. Kufika Januari sakafu yake ilikuwa imetoka malengelenge kama mkono uliomwagikiwa chai ya moto, na nilipopasua moja kwa ncha ya kisu yakatoka maji mekundu. Juni iliyofuata nilianza upya kutoka bati tupu. Haya ninayoyaandika ni ya ile kazi ya pili, ambayo imeshapita misimu minne ya mvua na bado imesimama.

Kuna jambo moja la kulielewa kabla hujashika spana, au kle kama tunavyosema huku. Vespa haina chasi ya mabomba iliyovikwa mabati. Ngao ya mbele, sakafu na mkia ni bati lililokunjwa na kuchomelewa likawa kitu kimoja, na bati hilo ndilo linalombeba mpandaji. Ndivyo alivyoichora Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege, kwa kampuni ya Piaggio ya Italia, iliyopeleka maombi ya hataza tarehe 23 Aprili 1946. Lambretta, mpinzani wake aliyeingia sokoni mwaka 1947, ilijengwa juu ya bomba: mbavu zake, yaani mabati ya ubavuni, zinaweza kuoza na bomba likabaki zima. Kwa Vespa, kutu ya sakafu ni kutu ya mifupa. Kwa hiyo kazi inaanzia chini na ndani, mahali ambapo hakuna mgeni atakayepaangalia, kisha inapanda juu.

Je, ni lazima kupaka?

Osha kwanza sehemu ndogo kabla ya kukata shauri. Chagua pahali pasipoonekana, chukua msasa wa namba 1000 na maji, usugue dirisha la ukubwa wa dole gumba. Tabaka zitajitokeza kama pete za mti: rangi ya juu, rangi ya kati, praima (rangi ya kwanza inayoshika chuma), bati. Rangi ya kiwandani mara nyingi imebaki salama chini ya tanki la mafuta, nyuma ya taa ya mkia, chini ya kifuniko cha honi na ndani ya mbavu. Hapo ndipo pa kuchukua kipande cha kulinganishia rangi kama unataka kuirudisha ilivyotoka kiwandani.

Kama rangi ya kwanza bado ipo sehemu kubwa ya mwili, hata ikiwa imefifia na ina mikwaruzo, mimi nitakusihi usipake. Ioshe, ing'arishe taratibu, tibu kutu palipo na kutu tu, ipake nta. Rangi ile ikishaondoka hakuna fundi wa kuirudisha. Utakachoweka ni nakala yake. Lakini kama imepakwa mara tatu kwa brashi na watu watatu tofauti, kama ilivyokuwa yangu, basi endelea.

Tazama pia nambari ya chasi, iliyogongwa kwenye bati, na ya injini, iliyogongwa kwenye mwili wa injini. Zipige picha, zilinganishe na karatasi ulizopewa. Kuna Vespa za Italia, kuna zilizoundwa kwa leseni Ubelgiji, kuna za India za Bajaj na LML, na nambari ndiyo itakayokuambia vipuri gani vinaingia. Nambari hizo usizisugue kwa mashine, usizijaze mastiki (kijazio cha kusawazisha bati), na rangi itakayopita juu yake iwe nyembamba.

Msimu na mahali

Bukavu mvua zinaanza Septemba na kwenda mpaka Mei. Juni, Julai na Agosti ndio wakati wetu wa rangi. Lakini kiangazi kina vumbi lake: barabara ya udongo karibu na nyumba ikipitiwa na motari (mwendesha pikipiki) mmoja tu, unga mwekundu unakaa juu ya rangi mbichi na hautoki tena. Wakati wa mvua hewa ni safi ila imejaa maji. Wakati wa jua ni kavu ila imejaa udongo. Nilichochagua mimi ni kupaka kiangazi, ndani ya kibanda cha shitingi nilichokifunga nyuma ya nyumba, sakafu nimeimwagia maji nusu saa kabla ili vumbi lilale.

Saa ni jambo la pili. Asubuhi ukungu wa ziwa Kivu unakaa juu ya bati bila wewe kuuona. Weka kiganja juu ya ubavu saa moja asubuhi: ni baridi, na ukivuta kidole kinaacha mstari. Rangi haitashika hapo. Mimi nilikuwa naanza saa nne, jua likiwa limeshapasha bati, na kuacha saa tisa, kabla baridi ya jioni haijashuka. Kanuni ya wapaka rangi ni kwamba unyevu wa hewa usizidi asilimia 85, na bati liwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande hujitengeneza. Kipimo huna, lakini kiganja unacho. Rangi ya nitro ikipakwa kwenye unyevu hugeuka nyeupe kama imepuliziwa maziwa, hapo hapo mbele ya macho yako.

Katika kibanda hicho kusiwe na mbabula (jiko la makaa), sigara wala jenereta. Mvuke wa diliyan, dawa ya kulainishia rangi, ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini na kufuata moto ulipo. Watoto wakae mbali siku zote za kukwangua na kupaka.

Kufungua

Usipake Vespa ikiwa nzima huku umefunika taa kwa gazeti. Kila ukingo uliofunikwa ndio utakaobanduka kwanza. Ifungue yote.

Piga picha kila hatua, hasa nyaya na jinsi kebo zinavyopita. Kila skrubu ya sehemu moja iingie katika mfuko wake wenye jina. Anza na mbavu mbili, kiti, tanki, kisha taa. Funga bomba la mafuta kabla ya kuvua mpira wake, na esansi (mafuta ya tanki) iliyobaki uimimine kwenye bidoni (dumu) yenye kifuniko, nje ya nyumba. Vipande vya alumini vya sakafuni vimeshikwa na riveti. Toboa vichwa vya riveti kwa drili, polepole, maana vipande vyenyewe vikipinda ni shida kuvipata. Ukingo wa chuma unaozunguka ngao umebanwa kwa kukunjwa. Ufungue kidogo kidogo kutoka mwisho mmoja.

Injini imeshikwa na bolti moja ndefu mbele na bolti ya shokomzoba nyuma. Tenganisha kwanza kebo za gia, klachi, breki, gesi na chok, pamoja na kisanduku cha nyaya. Ni nzito: muombe mtu wa pili aishike, na chini ya sakafu weka kreti ya kuegemeza mwili ili usiangukie upande.

Uma wa mbele lazima utoke, kwa sababu kwenye modeli kubwa madigadi hayawezi kutoka ukiwa umebaki. Chini ya usukani kuna nati za mviringo zenye meno, na ndani yake gololi zilizokaa huru juu na chini. Tandika kitambaa au weka beseni. Mimi niliokota gololi moja siku ya tatu, ndani ya nyufa za saruji. Zihesabu mara mbili.

Sasa jambo ambalo linaokoa siku nzima ya kazi: kabla ya kuvuta kebo yoyote au furushi la nyaya kutoka kwenye mgongo, yaani ule uvungu ulioinuka katikati ya sakafu, fungia kamba ndefu ya nailoni kwenye mwisho mmoja. Ukivuta waya upande huu, kamba inaingia nafasi yake. Siku ya kurudishia utavuta waya mpya kwa kamba hiyo hiyo. Asiyefanya hivyo atakaa na waya wa baiskeli akichokoa uvungu gizani mpaka jioni.

Ukifika kwenye ngoma za breki usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa kompresa. Viatu vya breki vya zamani vilikuwa na asbesto. Lowesha, pangusa kwa kitambaa, funga kitambaa hicho katika plastiki ukitupe.

Kuosha

Hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza, kwa hiyo nitakaa hapa.

Wengi husugua kwa msasa kwanza halafu wakaosha. Ni kinyume. Msasa ukipita juu ya bati lenye grisi unaisukuma grisi ndani ya mikwaruzo, na hutaiona tena mpaka rangi ikukatae. Osha kwanza, na uoshe mara tatu.

Mara ya kwanza ni ya matope na grisi nzito. Tumia petroli na brashi ngumu, chini ya sakafu, ndani ya madigadi, karibu na injini. Msomaji wa Mombasa au Dar anisikie vizuri: huku Bukavu petroli ni mafuta ya taa, na kinachowekwa kwenye tanki la gari tunakiita esansi. Usioshe kitu chochote kwa esansi. Inawaka kwa cheche ndogo ya chuma kugusa chuma. Tope lililokauka kuwa jiwe ulikwangue kwa kijiti cha mti, si kwa bisibisi, kama unataka kuhifadhi rangi iliyo chini.

Mara ya pili ni ya sabuni ya unga na maji ya moto, kwa sababu petroli yenyewe huacha utando wa mafuta. Maji yakitiririka juu ya bati bila kugawanyika kuwa matone, bati ni safi. Yakikimbiana na kujikusanya, grisi bado ipo. Kwangu bomba hutoka siku inayotaka lenyewe, kwa hiyo nilijaza bidoni 6 za lita 20 kabla ya kuanza, na zilitumika zote.

Mara ya tatu ni ya ndani ya mgongo. Pitisha mpira wa maji kupitia tundu la pedali ya breki na uache maji yatoke kwenye matundu ya chini mpaka yawe meupe. Yangu yalitoka na udongo, majani, na kiota kizima cha nyigu. Udongo huo ulikuwa umeziba matundu ya kutolea maji kwa miaka, na ndiyo sababu sakafu ilioza kutoka ndani: nilikuwa nimepaka rangi nje ya ndoo iliyojaa maji. Zibua matundu yote kwa waya. Kisha iegemeze Vespa juani, pua juu, siku mbili nzima.

Injini iliyotolewa iziba kwa vitambaa mdomo wa kabureta na wa ekzosi kabla ya kuiosha, na usiipige maji ya nguvu. Soda kali ile ya watengeneza sabuni isiguse kitu chochote cha alumini: usukani, ngoma za breki, injini. Inaila alumini ikitoa povu, na haichagui.

Maji machafu ya kazi hii usiyaelekeze kwenye mtaro unaoshuka ziwani. Kuna watu wanachota hapo chini. Nilichimba shimo mbali na ukuta wa jirani, nikaweka mchanga na majivu, nikamwaga humo. Mabaki mazito ya petroli yalikaa ndani ya bidoni.

Kutoa rangi ya zamani na kutafuta kutu

Kwanza pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa juu ya mwili mzima. Palipo na bati inavuta. Palipojazwa mastiki nene inalegea. Chora duara kwa chaki. Halafu chukua bisibisi butu, lala chini, ugonge sakafu sentimita kwa sentimita, hasa pale mihimili ya chini inapokutana na bati, karibu na pedali, na chini ya ubavu uliobeba betri, ambako asidi hudondoka. Bati zima linalia. Lililooza linanyamaza, au bisibisi inatokea upande wa pili.

Rangi za miaka ile nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Kwa hiyo kikwangue kilicholegea, na vingine uvisugue kwa msasa uliolowa, si mkavu, ukiwa na barakoa ya vumbi inayobana usoni. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Ukipata dekapan, dawa ya kutolea rangi, vaa glavu nene na miwani, ipake, ifunike kwa plastiki dakika 20, kisha kwangua kwa kijiko cha mabati. Inatoka kama ngozi ya ndizi iliyopikwa. Baadaye uoshe vizuri sana, maana dekapan iliyobaki kwenye mkunjo itaitoa na rangi yako mpya.

Mashine ya diski yenye brashi ya chuma inafaa kwenye sakafu na uma. Kwenye mbavu na ngao iache: inapasha bati, na bati jembamba likipata joto linapinda mawimbi yasiyonyooka. Kwa sababu hiyo hiyo, na kwa sababu mchanga huingia kwenye mgongo na hautoki, simshauri mtu apeleke mwili wa Vespa kupigwa mchanga na fundi aliyezoea mageti.

Anza na msasa namba 80 penye kutu, 120 na 180 kwingine. Kutu iliyobaki kwenye vishimo vidogo itibiwe kwa asidi ya fosforiki, ile inayoigeuza kuwa nyeusi. Ipake, isubiri kama ilivyoandikwa kwenye chupa, sugua, osha, kausha mara moja kwa kitambaa na jua. Bati tupu Bukavu halilali usiku mmoja bila kufunga kutu mpya ya rangi ya chungwa. Panga kazi kwa vipande: kinachofikia bati tupu asubuhi kipate praima mchana huo huo.

Kuchomelea na mastiki

Palipotoboka hapana dawa ya mastiki. Nilimwita kijana anayechomelea kule Kadutu aje kutazama. Aligonga mara tatu, akatikisa kichwa: "Papa, hii bati imekuwa sawa biskwi. Tukate yote." Alikuwa sahihi. Tulikata mpaka chuma kizima, tukaweka bati jipya la milimita 1, akachomelea nukta kwa nukta, akiruka huku na huku ili joto lisikusanyike mahali pamoja. Sakafu usiikate nzima bila kwanza kufunga kipande cha chuma kati ya shingo ya mbele na mkia, vinginevyo mwili utapinda na Vespa itavuta upande mmoja maisha yake yote. Na tanki la mafuta, hata likiwa tupu, usikubali mtu aliguse kwa moto.

Mastiki ni ya kusawazisha tu, isizidi milimita 3. Changanya na kigumishi chake kiasi cha asilimia 2, robo kiganja kwa mara moja, maana ndani ya robo saa inakuwa jiwe. Isugue ikiwa kavu, namba 80, kisha 180, kwa kipande cha ubao bapa na si kwa vidole. Kamwe usiisugue kwa maji. Mastiki inanywa maji kama chaki, nawe utayafungia ndani chini ya rangi.

Praima

Sasa chagua familia ya rangi, na ukishachagua usihame. Antiruyi nyekundu ya kenkayeri (duka la vifaa vya ujenzi) pamoja na rangi ya mafuta ni familia moja. Nitro ni nyingine. Rangi za magari zenye kigumishi ni ya tatu. Diliyan ya nitro ikipanda juu ya antiruyi laini, inaikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Kama una shaka, jaribu kwenye bati la kopo siku moja kabla.

Kwa Vespa iliyofika bati tupu, praima ya epoksi ya vipande viwili ndiyo bora ninayoijua: inashika chuma na kuzuia unyevu, na ikishakauka haifungwi na familia hizo. Lita 1 ya praima na lita 1 hadi 1.5 ya rangi zinatosha mwili wote na vipande vyake. Pangusa kila kitu kwa vitambaa viwili, kimoja kimelowa dawa ya kutoa grisi, kingine kikavu kinakifuata nyuma kabla dawa haijakauka. Tangu hapo usiguse bati kwa mkono mtupu.

Pulizia ndani ya madigadi, uvungu wa mbavu, chini ya sakafu, pembe zote, ndipo nje. Ndani ya mgongo bomba la kupulizia halifiki: mimina praima iliyolainishwa, zungusha mwili huku na huku, acha ziada itoke kwenye matundu, na uyazibue tena kabla haijakauka. Tabaka mbili. Zikishakauka, pulizia ukungu mwembamba sana wa rangi nyeusi juu ya praima, halafu sugua kwa namba 400 na maji mpaka weusi uishe. Palipobaki weusi ni bonde, palipotoka bati haraka ni mlima. Maliza na namba 600. Hapa maji hayana neno kama praima imeziba mastiki yote. Bati likijitokeza, likaushe na kulirudishia praima.

Viti vya gololi, nyuzi za bolti na mahali pa waya wa ardhi visipate rangi. Ingiza bolti kuukuu kwenye nyuzi, bandika skochi ya karatasi kwingine.

Rangi

Kuhusu afya nitasema wazi. Kigumishi cha rangi za magari kina isosianeti, na kinaweza kukuachia pumu isiyopona. Barakoa ya vumbi haizuii, ya kitambaa ndiyo kabisa. Kama huna kinyago cha kuletewa hewa safi kwa mpira, mpelekee kazi hiyo ya mwisho fundi wa rangi mwenye vifaa, au utumie rangi ya mafuta isiyo na kigumishi, ambayo nayo inataka kinyago chenye vichujio vya mvuke. Mimi nilitumia rangi ya mafuta. Inakauka polepole, inang'aa kwa upole, na inafanana na Vespa ya mzee kuliko ule mng'ao wa kioo.

Chagua rangi isiyo na unga wa chuma kama ni mara yako ya kwanza. Zile za metaliki zinaonyesha kila kosa la mkono. Changanya rangi yote katika chombo kimoja, ili ubavu wa kushoto usitofautiane na wa kulia. Ichuje kwa soksi ya nailoni. Mdomo wa pistole, bunduki ya kupulizia rangi, uwe milimita 1.3 au 1.4. Weka mgandamizo ulioandikwa kwenye pistole yako, shika sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bati, tembeza mkono wote na si kiwiko, kila mpito ufunike nusu ya uliopita. Anza kusogeza kabla ya kubonyeza, achia baada ya kupita ukingo. Mwaga maji ya kompresa kila nusu saa. Katika hewa yetu hujaa haraka, na tone moja linatosha kuharibu ngao.

Tabaka ya kwanza iwe nyepesi kama vumbi la maji. Subiri dakika 15. Ya pili ilowe vizuri. Ya tatu, kama ngao bado inaonyesha praima. Anza na kingo na mikunjo, kisha chini, sakafu, mkia, na ngao mwisho. Ikitiririka, usiiguse: subiri siku kadhaa ikauke kabisa, isugue kwa namba 1000, urudie. Vikitokea vishimo vya mviringo kana kwamba rangi inakimbia, kuna silikoni, mara nyingi kutoka dawa za kung'arishia matairi. Acha, kausha, sugua, osha, anza tena. Na umeme ukikatika katikati ya tabaka, malizia siku nyingine ukianzia kwenye mkunjo, si katikati ya bati.

Asiye na kompresa anaweza kupaka kwa brashi laini: rangi ya mafuta iliyolainishwa kiasi cha asilimia 10, tabaka nne nyembamba, msasa wa 600 na maji kati ya kila moja, saa 24 za kusubiri. Nimeona kazi ya namna hiyo Bagira, na kwa hatua tatu huwezi kujua.

Magurudumu, uma na ngoma kwenye modeli nyingi za Italia za miaka ya 1960 vilikuwa vya rangi ya alumini. Ukivipaka rangi ya mwili, haidhuru, lakini jicho linalojua litajua.

Vitu vidogo

Kromu yenye kutu nyepesi isugue kwa karatasi ya alumini ya jikoni na maji. Tanki: tia nati kumi za chuma na maji yenye asidi ya ndimu, litikise, liache usiku kucha, suuza, kausha juani mdomo wazi, kisha zungushia mafuta kidogo ya injini ndani. Mipira ioshwe kwa sabuni tu.

Kurudishia, na nta ya mgongo

Rangi ya mafuta ikikauka kwa kuguswa haijawa ngumu. Niliacha wiki tatu kabla ya kufunga chochote, na hata hivyo kila palipokutana chuma na rangi niliweka washa ya mpira. Gololi mpya, grisi mpya, kebo mpya. Zivute kwa ile kamba ya nailoni. Riveti za sakafuni ziingie zikiwa zimechovywa praima. Palipo na waya wa ardhi kwangua mpaka chuma ng'avu, vinginevyo taa zitakuwa hafifu na utatafuta kosa kwingine.

Mwisho kabisa, na si kabla, maana mafuta ni adui wa rangi mbichi: yeyusha nta ya nyuki kwa kuweka kopo lake ndani ya sufuria ya maji ya moto, ondoa motoni, changanya na mafuta safi ya injini mpaka iwe kama uji mwepesi, na uimimine ndani ya mgongo na mikunjo ya chini ya sakafu ingali vuguvugu. Inua pua, shusha pua, laza kushoto na kulia. Zibua matundu ya kutolea maji kwa waya kwa mara ya mwisho.

Mvua za kwanza za Septemba zikinyesha, ipeleke nje ilowe, kisha iegemeze juu ya karatasi nyeupe usiku mmoja. Asubuhi tazama madoa yaliyodondoka chini ya matundu. Ya kwangu yalikuwa maji matupu, na kiduara kidogo cha nta.